Mchele wa Mfukoni

Karani wa posta alihisi kitu kinamtambaa shingoni, akadhani ni nywele. Alipangusa kwa kidole, akakitazama. Ilikuwa punje ya mchele. Akapangusa tena, zikaanguka tatu, na nyingine ikabaki kwenye kola ya shati lake jeupe. Aliinua macho akamtazama kinyozi kwenye kioo. Kinyozi naye aliutazama mfuko wa kifuani wa koti lake la kazi, uliokuwa umetuna na kumwaga kila alipoinama.

"Samahani, bwana karani," kinyozi akasema. "Ni mchele tu."

Karani alikuwa mstaarabu. Alisema hakuna neno, kana kwamba kumwagiwa mchele saluni ni jambo la kila Jumamosi. Wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi hawakuwa wastaarabu kiasi hicho. Mmoja aliuliza kama siku hizi hapa wananyoa na kupika.

Kinyozi huyo watu walimwita Wembe, jina alilolipata ujanani kwa sababu ya ulimi wake zaidi kuliko kazi yake. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Duka lilikuwa na viti viwili: cha dirishani kilikuwa chake, na cha ukutani cha mshirika wake aliyeitwa Taulo, kwa kuwa taulo halikumtoka begani hata alipokwenda benki. Wakati mwingine wowote Wembe angemjibu yule wa benchi hadi aombe radhi. Siku hiyo alimaliza upande mmoja wa kichwa cha karani, akageukia wa pili, pumzi ikamwishia. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili akangoja chumba kiache kuzunguka.

Ilikuwa miezi mitano tangu moyo wake uliposhikwa asubuhi moja akifungua kufuli la duka, akawahishwa hospitali, mshipa ukazibuliwa, akarudishwa nyumbani na mfuko wa dawa. Kila mtu alitegemea kwamba kila mwezi angekuwa nafuu zaidi. Yeye kila mwezi alizidi kuchoka.

Taulo alimwacha mteja wake mwenyewe na povu shavuni, akaja akamchukulia mashine mkononi, akamalizia kichwa. Karani aliondoka akimshukuru Taulo. Wembe alizisikia shukrani hizo akiwa ameketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuketi hata mara moja.


Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Alipikia watoto mia nne kila siku, na mtu wa namna hiyo hadanganyiki kuhusu mchele. Kwa kulitazama tu debe la nyumbani alijua kwamba unapungua kuliko wanavyokula. Aliwashuku panya. Alinunua mtego, akautega nyuma ya debe, na kwa wiki tatu mtego haukukamata chochote isipokuwa kidole gumba cha mguu wake mwenyewe.

Siku ya Jumanne maji yalikatika shuleni, watoto wakarudishwa makwao, naye akafika nyumbani saa tano asubuhi. Wembe hakuwa amekwenda kazini. Alisema mwili mzito. Mkewe alimkuta jikoni amesimama mbele ya debe lililo wazi, amefumba macho, anatafuna. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetembea kwenye kokoto.

"Kumbe panya wenyewe wana mvi," mkewe akasema.

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Wembe naye alicheka, huku akijipangusa midomo kwa aibu, halafu taratibu akaketi sakafuni kando ya debe. Hakuteleza wala hakuanguka. Kucheka tu kulikuwa kumemchosha. Kicheko cha mkewe kikakatika. Alichutama mbele ya mumewe, na kwa mwanga wa dirisha la jikoni akauona uso wake kana kwamba hakuwa ameutazama kwa wiki nyingi. Midomo ilikuwa imepauka kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi mno.

Alimuuliza tangu lini. Wembe alisema yapata miezi miwili. Alieleza kwamba anajua ni upuuzi, mchele mbichi hauna utamu wowote, lakini asipoupata hawezi kuwaza kitu kingine, na ndiyo maana hutembea nao mfukoni. Akamwomba mkewe asimwambie binti yao.

Alasiri Taulo alikuja kumjulia hali, amebeba papai. Alizungumzia joto, akazungumzia karani wa posta, na baada ya kulizunguka zunguka jambo kwa muda mrefu akafika kwenye kiti. Kulikuwa na kinyozi wa mtaa wa pili aliyepoteza chumba alichopanga. Angeweza kushika kiti cha dirishani kuanzia mwanzo wa mwezi, kwa muda tu, mpaka mwenyewe apate nguvu. Alisema yote hayo akitazama mkeka.

Mke wa Wembe alingoja ulimi wa mumewe ufanye kazi yake. Wanaume wale wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya kitu chochote, hata saa. Wembe alisema ni wazo zuri.

Hapo ndipo mkewe alipoogopa kwelikweli. Taulo alipotoka tu, alimpigia binti yao simu akamweleza kila kitu, mchele ukiwemo.


Binti alikuwa fundi wa friji. Alifika kesho yake asubuhi na mkoba wake wa vifaa, kwa kuwa alikuwa njiani kwenda kazini, akauweka chini, akamwambia baba yake avae viatu waende kliniki. Wembe alikataa. Alisema tarehe yake ya kurudi kwa daktari ni mwezi ujao. Alisema uchovu ni wa uzee. Alisema mchele ni tabia mbaya na ataiacha. Binti aliketi karibu naye.

"Baba, kwa nini hasa hutaki?"

Wembe alitazama kama mkewe yuko karibu. Alikuwa uani, anaanua nguo.

"Kwa sababu najua watakachosema. Watasema moyo unaisha. Nausikia mwenyewe. Nikipanda ngazi mbili unapiga kama mtu aliyefungiwa chooni. Sasa nikienda, wataniambia kwa mdomo, na mama yako atakuwa ameketi pale anasikiliza. Acha nikae na mchele wangu."

Binti hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikuwa amemrithi baba yake.

"Watu wananiita wakisema friji imekufa," akasema. "Wengine wameshalia, wameshaulizia bei ya mpya. Nikiifungua, mara nyingi kompresa, mota yake, ni nzima. Gesi tu imevuja."

"Mimi si friji."

"Utajuaje, wakati hujafunguliwa?"

Wembe akauliza viatu viko wapi.


Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mtu wa maswali mafupi. Wembe alijibu kwamba ni mzima, uchovu kidogo tu, umri nao. Kuhusu mchele hakugusia. Mkewe alimfinya pajani, akangoja, akamfinya tena.

"Daktari, mume wangu anakula mchele mbichi," akasema. "Anatembea nao mfukoni."

Ukutani palikuwa na bango la kufundisha watu kunawa mikono. Wembe alilitazama kama mtu anayetamani kuingia ndani yake. Binti aliitazama dari. Lakini daktari hakucheka. Aliweka kalamu mezani, akauliza ni viganja vingapi kwa siku, na kama hutamani barafu pia. Alimvuta ukope wa chini akachungulia, akamwambia anyooshe vidole. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati kama vijiko vidogo. Akausikiliza moyo, akasikiliza mapafu, kisha akauliza choo kina rangi gani.

Wembe alimwomba binti yake atoke nje kidogo. Mlango ulipofungwa alisema ni cheusi, tena kwa muda sasa, na kwamba alidhani ni dawa. Daktari alimuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani habari za choo?" Wembe akasema. "Mimi ni kinyozi. Watu ndio wananiambia mimi."

Alitolewa damu vichupa vinne. Kuhusu choo, walipewa kikopo chenye mfuniko, wakaambiwa wakilete asubuhi inayofuata. Asubuhi hiyo mkewe alikifunga katika mifuko mitatu, akakitia kwenye mkoba wake mzuri wa kwendea mikutano ya shule, kwa kuwa ndio uliokuwa na zipu. Getini mlinzi alitaka kuukagua. Mkewe aliufungua mbele yake, akamwambia akague, ila asije akasema hakuonywa. Mlinzi alimtazama usoni, akamtazama Wembe aliyekuwa akisoma kibao cha maegesho, akawaruhusu wapite.


Majibu yalitoka baada ya siku mbili. Wote watatu waliketi, Wembe katikati, mikono juu ya magoti kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Moyo wako uliumia, hilo ni kweli, na hautakuwa na nguvu zote za zamani," daktari akasema. "Lakini si kwamba unaisha. Unakimbia kwa sababu damu uliyo nayo ni kidogo. Sehemu kubwa ya uchovu huu ni upungufu wa madini ya chuma. Akiba yako imekauka, na huo mchele ni dalili yake. Hayo madini tunaweza kuyarudisha."

"Hebu rudia hapo mwisho," Wembe akasema.

"Tunaweza kuyarudisha."

Wembe aligeukia dirishani. Mkewe alitafuta kitambaa ampe, akakipata, akakitumia mwenyewe.

Daktari alieleza yaliyobaki polepole. Dawa za kuzuia damu isigande ndizo zilizokuwa zikiulinda mshipa uliozibuliwa, lakini wakati mwingine huchubua tumbo, na tumbo likavuja damu kidogo kidogo bila mtu kujua. Ilibidi lichunguzwe kwa kamera, maana kwa mtu wa umri wake hakutaka kubahatisha. Akauliza pia kuhusu chakula. Mkewe alieleza kwa fahari kwamba waliambiwa wapunguze mafuta, naye alikuwa ameondoa mafuta, nyama yote, maini, hata maharage kwa ajili ya gesi, na kwamba mzee hula wali na kabichi na kunywa chai yake nzito juu ya chakula. Kadiri alivyoeleza, fahari ilimpungua.

"Kumbe mimi ndiye niliyemmaliza," akasema.

Daktari alimkatalia. Chakula peke yake kisingemfikisha hapo kwa miezi mitano. Damu ilikuwa ikivuja. Nyama isiyo na mafuta irudi, maharage yarudi, chai ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Na dawa za moyo zisiachwe hata siku moja bila yeye kusema, jambo ambalo mkewe alilipokea kimyakimya, kwa sababu moyoni alikuwa ameshaamua kuzitupa.

Kamera ilipita kooni Ijumaa iliyofuata. Wembe alisema baadaye kwamba amewahi kunyoa watu wenye vichwa vibaya, lakini hajawahi kumtendea mtu vile. Walikuta kidonda kidogo cha tumbo, hakuna kibaya kingine. Akapewa dawa ya kukiponya. Kwa upande wa madini, daktari alisema kwa mtu ambaye moyo umedhoofika vidonge mara nyingi havifiki mbali, tena husumbua tumbo. Afadhali yapite kwenye mshipa, mara mbili zilizoachana wiki kadhaa. Bima ya kazi ya mkewe ililipa sehemu kubwa, na binti akamalizia bila kuulizwa.

Dripu ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea. Muuguzi aliitundika, akawaambia atakuwa karibu, wamwite ikiwa mzee atajisikia vibaya. Wembe aliyatazama matone yakishuka, akageuza kichwa kwa mkewe.

"Daktari amenikataza chai," akasema, "kumbe alitaka nipitishiwe mkononi."

Ulikuwa mzaha wake wa kwanza tangu alipougua. Mkewe aliangua kicheko kikubwa mpaka muuguzi akaja mbio kuona nani amepatwa na nini.


Wembe alitegemea kutoka hospitali akitembea kama kijana. Jioni ile alichoka vilevile. Kesho yake vilevile. Siku ya nne alitangaza kwamba wamemtilia maji ya rangi. Muuguzi alikuwa amewaambia waziwazi kwamba damu haitengenezwi kwa siku moja, wangoje wiki mbili, tatu, lakini hayo waliyasikia kama watu wanavyosikia matangazo ya redioni. Na mwanzo wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Binti alikwenda saluni kuonana na Taulo. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alieleza habari za damu na madini, akaomba kiti kisitolewe kwanza. Taulo alikuwa akisafisha mashine kwa brashi, na aliendelea kuisafisha muda mrefu baada ya kuwa safi.

"Yule wa mtaa wa pili nilimkatalia kesho yake asubuhi," akasema. "Baba yako alivyokubali haraka vile, sikuweza kulala. Mimi sikukitaka kiti chake, mwanangu. Nilichoka kumwona anavyokishikilia."

Alisema kiti kitakaa kitupu. Asiyetaka kupanga foleni moja, milango ya vinyozi ni mingi mjini.

Siku ya kumi na mbili Wembe alichota mchele kwenye debe kwa mazoea tu, akatia mdomoni, akatafuna mara moja. Alikunja uso, akatema. Alimwendea mkewe akalalamika kwamba mchele huu una mawe. Mkewe aliudhika, kwa sababu aliuchagua kwa mkono wake, punje kwa punje, na alikuwa katikati ya kumjibu aliponyamaza. Alimtazama. Kisha akaenda jikoni kulitazama debe, na asubuhi iliyofuata akalitazama tena, na iliyofuata. Mchele ulikuwa umesimama palepale. Kabla ya maabara yoyote kusema, yeye alikuwa na kipimo chake.

Mambo mengine yalirudi moja moja, kila moja na sherehe yake. Alioga akiwa amesimama. Alijifunga kamba za viatu bila kupumzika kati ya mguu na mguu. Asubuhi moja alimbishia mtangazaji wa redio habari nzima, tangu mwanzo hadi hali ya hewa, na mkewe akamwongezea sauti ili abishe vizuri.

Baada ya dripu ya pili alikwenda saluni. Alinyoa kichwa kimoja, akapumzika. Wiki iliyofuata viwili mfululizo, halafu vitatu. Karani wa posta alikuja Jumamosi, akaketi kiti cha dirishani mwenyewe bila kuelekezwa, na alipovikwa kitambaa aliuliza kwa heshima zote kama leo chakula kimeiva.

"Wewe umekuja kunyolewa au kualikwa?" Wembe akamjibu. "Maana kwa kichwa hiki, kazi ya kunyoa ni ndogo."

Benchi zima lilicheka, karani kuliko wote. Taulo alimwambia Wembe ni saa sita, afunge dirisha jua lisiwachome. Wembe alitazama saa ya ukutani iliyoonyesha saa sita kamili, akasema hiyo inakimbia. Taulo aligeukia ukutani akawa anarekebisha taulo ambalo halikuwa limeanguka, na alichukua muda kugeuka tena.


Miezi miwili na nusu baada ya kliniki ile ya kwanza, Wembe na mkewe walirudi kwa daktari. Damu ilikuwa imepanda. Akiba ya madini ilikuwa inajaa. Kidonda kilikuwa hakivuji tena. Moyo ulikuwa na kovu lake na ungebaki nalo, dawa zingeendelea, na damu ingepimwa tena baada ya miezi mitatu. Daktari aliyasema hayo akiandika, na alipoinua kichwa alikuta wote wawili wanatabasamu kama watu wanaopigwa picha, akalazimika kutabasamu naye.

Waliamua kurudi kwa miguu. Njia ya kutoka hospitali ilikuwa na mlima mrefu wa lami, wenye ukuta mfupi upande mmoja na maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa pili. Wembe alikuwa akieleza mpango wake wa kupaka saluni rangi mpya, kijani juu na nyeupe chini, ambao Taulo aliutaka kinyume chake, yaani nyeupe juu na kijani chini, jambo lililoonyesha wazi kwamba Taulo hakuwa na macho. Alieleza hadi mbele ya duka la mabati, akauliza swali, asijibiwe. Aligeuka.

Mkewe alikuwa hatua ishirini nyuma, ameketi juu ya ukuta, amevua kiatu kimoja, anahema.

Wembe alishuka hadi alipokuwa. Alisimama mbele yake, akamshika kidevu, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akachungulia kwa makini kama mtaalamu.

"Itabidi upimwe damu," akasema.

"Damu ninayo." Mkewe aliuondoa mkono wake. "Nilichopungukiwa ni mume anayetembea taratibu."

"Huyo ulikuwa naye. Hukumpenda."

Mkewe alicheka mpaka kiatu kikamponyoka mkononi kikaanza kuteremka mlima. Wembe alikikimbilia. Zilikuwa hatua sita au saba tu, na mkewe, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimwambia taratibu, baba, taratibu, safari hii alifumba mdomo akamwacha akimbie. Alirudi nacho, akaketi ukutani ubavuni mwake, si kwa kuchoka, wakangoja pumzi ya mke irudi. Kisha wakaendelea na habari ya rangi.